Kengele Yenye Kigugumizi

Mama Chaji aliingia ndani bila hodi, akakaa kitandani, mkoba bado begani, viatu bado miguuni. Hapo tu bintiye akajua kuna jambo, maana huyu mama havai viatu ndani hata nyumba iwe inaungua.

"Mama, viatu," Chaji alisema.

Chaji alikuwa sakafuni, kompyuta mapajani, waya umevutwa kutoka kwa jirani kupitia dirishani. Ndiyo maana mtaa mzima wanamwita Chaji, kila ukimwona anatafuta mahali pa kuchomeka waya.

"Leo nimepandishwa kwenye kiti," mama alisema mwishowe. "Mimi, mwanamke mzima, nina mtoto amemaliza shule. Nimepandishwa kwenye kiti kama mtoto aliyekojoa darasani."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mama Chaji anashona kwenye kiwanda cha sare, ukumbi mmoja mrefu, madirisha yako juu na yamepakwa rangi nyeupe, hujui nje ni mchana au ni nini. Saa ya ukutani iliondolewa zamani, ati inawatoa watu macho kwenye sindano. Simu zinaachwa getini ndani ya beseni. Siku hiyo yeye alificha yake kifuani, kwa sababu mdogo wake wa kike alikuwa hospitali, uchungu umeshika, na alitaka kujua. Mchana kutwa simu haikulia. Akaichungulia, ikamwambia saa kumi na moja, saa ya kutoka. Akajua kengele italia sasa hivi. Akafunika cherehani yake, akavua aproni, akasimama. Kengele haikulia.

Msimamizi alikuwa mlangoni. Jina lake pale kiwandani ni Bwana Kimya, wala si kwa sababu anakaa kimya. Ni neno analowapigia watu kelele toka asubuhi mpaka jioni: kimya! Alimshika mama mkono wa blauzi, akampeleka mpaka kwenye chumba chake cha vioo mwisho wa ukumbi, akampandisha kwenye kiti mlangoni, akamwekea maiki mdomoni.

"Sema: mimi ni mwizi wa muda."

Akasema.

"Sikusikia. Rudia."

Akarudia. Mara tatu, na spika zote za ukumbi zikabeba sauti yake mpaka chooni. Cherehani zilinyamaza. Wengi waliinamisha vichwa. Kuna msichana mmoja ambaye mama alimfundisha kushona kola, huyo alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kwa woga. Lakini alicheka.

"Na simu kaninyang'anya, amebaki nayo," mama alisema. "Ikalia palepale mkononi mwake. Ilikuwa hospitali. Akapokea, akasema 'hapa ni kazini, si kliniki,' akakata. Halafu akaniambia niende zangu mpaka niitwe, lakini kwanza nikae kwenye ngazi ya mlango mpaka wenzangu watoke, kila mtu apite anione."

Sasa hapa ndipo Chaji alipoharibu. Badala ya kumwambia mama yake pole, alifikiria kengele. Maana ile kengele ni ya kwake yeye. Aliitengeneza kwa Python, lugha ya kuandikia programu, akiwa ndio kwanza ametoka shule, akaiweka kwenye kompyuta ya kiwanda, kwa ahadi ya kazi ya ofisini. Kazi haikuja, ilikuja soda moja. Lakini kengele ilibaki, na alikuwa anajivunia kimoyomoyo.

"Itakuwa simu yako imekosea, mama," alisema. "Ile simu ukiizima saa yake inarudi miaka ya nyuma kabisa. Kengele inaangalia saa ya kompyuta. Kompyuta haikosei."

Mama akauweka mkoba sakafuni.

"Kwa hiyo ni kweli mimi ni mwizi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Umesema kwa lugha ya shule, lakini umesema."

Mjomba aliingia wakati huo, sanduku lake la kushonea viatu kwapani, anacheka hata kabla hajafika. "Dada! Mdogo wetu kajifungua salama! Toto la kiume, kichwa kama boga! Amekupigia, kapokea dume moja limemfokea. Nani yule?"

Mama akaanza kulia. Mjomba akadhani ni kwa furaha, akalia naye kidogo, mpaka alipoona kwamba Chaji hamtazami mtu usoni.

* * *

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na watu watatu wanaoongea na mtu mmoja mmoja. Mama aliongea na mjomba. Mjomba aliongea na Chaji. Chaji aliongea na kompyuta.

"Mwambie mpwa wako chumvi iko nyuma ya ndoo," mama anasema.

"Mpwa wangu, chumvi iko nyuma ya ndoo. Na mimi naomba nipandishwe cheo, nimekuwa redio humu ndani."

Kilichomtafuna Chaji ni kwamba kengele kweli ilikuwa na ugonjwa. Kiwanda kizima kilishaitania. Saa nane inalia watu warudi kwenye cherehani baada ya chakula, wanakaa, wanaanza kushona, mara inalia tena. Si kila siku, lakini mara nyingi. Walisema ina kigugumizi. Wengine walipomwona Chaji njiani walimsalimia mara mbili. "Mambo? Mambo?" Alishaipitia ile programu mstari kwa mstari akitafuta kosa. Na mistari yenyewe ni michache: angalia saa, kama imefika, piga, kama bado, lala kidogo, amka, angalia tena. Kosa litajificha wapi hapo?

Ndipo Bwana Kimya akamtumia ujumbe: njoo.

Alimkuta kwenye chumba cha vioo, miguu mezani. Hakumwambia akae.

"Kesho wanunuzi wanakuja na Madam," alisema. Madam ndiye mwenye kiwanda, mara nyingi haonekani. "Nataka wakiingia asubuhi, spika zipige muziki wa heshima, si makelele yenu. Wakitoka kula, muziki tena. Na hicho kigugumizi ukitibu leo hii, usinitie aibu."

"Sawa. Na mama yangu?"

"Mama yako aje. Sitaki kiti kitupu mbele ya wageni, kinaonekana kama jino lililong'oka." Akacheka peke yake. "Kengele ya kutoka ikilia, atapanda pale aliposimama siku ile, ataomba msamaha mbele ya Madam, vizuri, kwa sauti. Ndipo nimsamehe. Hataki, cherehani ina watu wengi wanaoililia."

"Na simu yake?"

"Iko kwenye droo. Nayo nitaisamehe."

Akatoka kwenda kumfokea mtu. "Kimya kule!"

Chaji akakaa kwenye kiti cha Bwana Kimya, bado kina joto lake, akafungua kompyuta. Akitafuta pa kuweka muziki, akakutana na rekodi za matangazo. Bwana Kimya mwenyewe ndiye aliyemwambia zamani, kila kinachosemwa kwenye maiki kihifadhiwe, asije akachoka koo kurudia jambo lile lile. Lakini kuna kitu hakuwahi kukishika. Ili kunyamazisha sauti yake kwenye spika, alikuwa anazungusha kitufe cha sauti cha pale mezani tu. Maiki yenyewe hakuzima. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka usiku na mchana, na kompyuta inahifadhi.

Alitafuta la siku ile. Akapunguza sauti, akaegemeza sikio kwenye spika ndogo ya mezani. Akamsikia mama yake. Mimi ni mwizi wa muda. Sikusikia, rudia. Mimi ni mwizi wa muda. Alitaka kuizima, mkono ukagoma. Na vizuri uligoma, kwa sababu baada ya mama kushuka, na baada ya kitufe kuzungushwa, Bwana Kimya alipiga simu kwa rafiki yake.

"Leo kidogo niumbuke," sauti ilikuwa inacheka. "Kuna mama kaingia na simu kaona saa. Eeh, wanashona bure, ndugu yangu! Wakishamaliza kula tu naigeuza saa ya kompyuta inarudi nyuma nusu saa. Kengele inafuata, haina akili ile. Asubuhi naiweka sawa. Wakifika getini wanadhani foleni ya kupekuliwa ndiyo imewachelewesha. Madam ananiona mimi malaika, sare zinazidi kila wiki. Yule mama nimemwita mwizi wa muda, yeye! Na kasema! Madam? Madam anajua nini, yule anajua kuvaa miwani tu. Saa ya hapa ni mimi."

Chaji alibaki sikio pale pale, spika ilishanyamaza. Akainua macho kwenye kona ya kioo cha kompyuta, inasema bado mapema. Lakini nje, nyuma ya lile dirisha lililopakwa rangi, watoto wa shule ya jirani walikuwa wanapita wanapiga kelele, washafunguliwa.

Hapo kigugumizi chote kikaeleweka. Saa nane imefika, kengele imelia. Bwana Kimya anairudisha saa nyuma, saa nane inafika mara ya pili, kengele inalia mara ya pili. Haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inatii. Na mama hakuwa na ugonjwa wowote. Na yeye Chaji alimwambia mama yake mzazi kwamba kompyuta haikosei.

Damu ilimpanda mpaka kwenye masikio. Kwanza alitaka kubonyeza pale pale, ukumbi mzima usikie. Kidole kilishafika. Halafu akafikiri: wakisikia wenyewe, nani atawasikia wao? Wataambiwa kimya, kesho watafukuzwa. Huyu anatakiwa asikiwe na anayemwona malaika.

Akavuta kiti karibu na meza.

Ile rekodi aliikata. Sauti ya mama aliitoa yote, hata pumzi yake hakuiacha. Alibakisha ya Bwana Kimya tu. Halafu akaandika mistari mipya. Python, ukiiuliza saa ngapi, inakujibu inavyoambiwa na kompyuta, na kompyuta inajibu ilivyoambiwa na Bwana Kimya. Lakini ina hesabu nyingine ya ndani, haijui saa ngapi wala haijali, inachojua ni muda gani umepita tangu iwashwe. Hiyo hata uigeuze saa mpaka mwaka jana, hairudi nyuma. Akaiambia: asubuhi, saa ikiwa bado ya kweli, pima umebaki muda gani mpaka saa kumi na moja. Kisha lala muda huo wote. Ukiamka, piga kengele. Kengele ikiisha, mpigie Madam sauti ya malaika wake.

Mwisho akainama chini ya meza, akachomoa waya wa spika kutoka kwenye kile kitufe, akauchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Kitufe akakiacha pale pale, kizuri, kinang'aa, hakina kazi.

"Umetibu?" Bwana Kimya aliuliza aliporudi.

"Nimetibu," Chaji alisema. "Haitarudia tena."

* * *

"Siendi," mama alisema. "Niende nikaombe msamaha mara ya pili? Kwa lipi?"

Ilikuwa mara ya kwanza anamjibu bintiye bila kumpitisha kwa mjomba.

"Nenda, mama. Kengele ikilia, panda kwenye kile kiti kama alivyosema. Ila usiharakishe kuongea."

"Una nini wewe?"

"Niamini tu."

"Juzi tu nimeambiwa niiamini kompyuta."

Chaji alikuwa na neno la kusema pale. Lilifika mpaka kwenye koo: mama, ulikuwa sahihi, nisamehe. Likagoma kutoka. Akajidanganya kwamba atalilipa kesho pamoja na lile deni la Bwana Kimya, yote kwa mkupuo.

Mjomba alikuwa anatoa msumari kwenye soli, akamwangalia mpwa wake kwa pembeni. "Dada, nenda," alisema. "Huyu mtoto leo ana macho ya baba yetu akinoa panga. Mimi sitaki kuwa karibu, lakini nataka kusimuliwa."

* * *

Wanunuzi walikuwa watatu, na mmoja, mama mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa anapindua kila shati kuangalia mshono wa ndani. Madam alitembea nao na miwani yake. Bwana Kimya alikuwa na tai. Asubuhi yote hakusema kimya hata mara moja, na wafanyakazi wakamwogopa zaidi.

Muziki ulipiga ulipotakiwa kupiga. Chaji alikaa kwenye chumba cha vioo, kwenye kistuli cha kona, kama msichana mwema. Watu wakala, kengele ya saa nane ikalia, wakarudi. Karibu nusu saa baadaye wageni walitakiwa kuondoka, lakini yule mama mnene akasema angependa kuona mzigo mmoja unavyokamilika mpaka mwisho. Madam akasema bila shaka. Bwana Kimya akaangalia mzigo, akaangalia ukumbi. Haukuwa karibu kuisha.

Akaingia chumba cha vioo. "Binti, kaniletee maji ya kunywa."

"Ya baridi?"

"Ya haraka."

Chaji alitoka, akasimama nyuma ya mlango, akahesabu pumzi zake, akarudi na glasi. Saa kwenye kona ya kompyuta ilikuwa imerudi nyuma. Papo hapo ukumbini kengele ya saa nane ikalia kwa mara ya pili, na kicheko kikakimbia kwenye mistari ya cherehani.

"Si umesema umetibu?" Bwana Kimya alimng'ata kwa sauti ya chini.

"Hiyo ni dalili ya mwisho," Chaji alisema, akampa maji.

Alasiri ikaenda. Ikaenda tena. Mabega ya wanawake yakaanza kushuka, vile mwili unavyojua jioni hata ukifichwa dirisha. Kwenye kompyuta ilikuwa bado saa kumi na nusu. Madam alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na wageni wake, anawaambia siri ya kiwanda chake ni nidhamu, ndipo kengele ya kutoka ikalia.

Bwana Kimya akageuka kama aliyechomwa sindano.

Mama Chaji alisimama. Alifunika cherehani yake. Akatembea mpaka mlangoni pa chumba cha vioo, akapanda kwenye kiti kama alivyoagizwa, akachukua maiki, akanyamaza. Alikumbuka: usiharakishe.

"Leo kidogo niumbuke," spika zikasema.

Ukumbi mzima ukageuza vichwa juu. Bwana Kimya alisikia nusu ya sentensi kabla hajaitambua sauti yake. "Wanashona bure, ndugu yangu!" Akakimbia. Akampita mama, akakishika kile kitufe, akakizungusha upande aliouzoea. Akazungusha tena. Kikang'oka, akabaki nacho mkononi. "Kengele inafuata, haina akili ile." Akatafuta waya. Chaji alikuwa ameweka kistuli chake juu ya waya, na yeye mwenyewe juu ya kistuli.

"Toka!"

"Kimya," Chaji alimwambia. "Watu wanasikiliza."

"Madam anajua nini," spika zikasema, "yule anajua kuvaa miwani tu. Saa ya hapa ni mimi."

Basi. Zikanyamaza. Yule mama mnene aliangalia mkono wake wenye saa, akaingia taratibu chumba cha vioo, akaangalia kompyuta, akatoka.

"Yangu inasema kumi na moja," alimwambia Madam kwa upole ule ule. "Zenu hapa huwa zinachelewa?"

Madam alivua miwani. Alikuwa na uso wa mtu anayesikia nguo yake inachanika mbele za watu, na kuwa na huruma na wafanyakazi ilikuwa mbali sana na mawazo yake, hilo tuseme ukweli. Alichokitaka ni mtu wa kumpa ile aibu haraka, kabla wanunuzi hawajampa yeye.

Mama Chaji aliliona. Akashuka kwenye kiti. Akakipangusa kwa aproni yake, vizuri, pembe zote nne, kama anamwandalia mgeni.

"Panda," alimwambia Bwana Kimya.

Bwana Kimya akamtazama Madam.

"Panda," Madam akasema.

Akapanda. Tai ilikuwa imehamia begani. Mama akampa maiki na hakuiachia mpaka alipohakikisha iko karibu na mdomo.

"Mimi ni mwizi wa muda," Bwana Kimya alisema.

"Sikusikia. Rudia."

Akarudia. Pale nyuma msichana mmoja, yule wa kola, alianza kunong'ona na mwenzake, na mwanamke wa mstari wa mbele akageuka akampigia ukelele wa nguvu zake zote: "Kimya! Tunasikiliza!"

Ukumbi ulilipuka. Walipiga meza, walipiga mikasi kwenye cherehani, wengine walilia. Mara ya tatu aliisema ndani ya kelele zile. Mama Chaji akamwambia hiyo haihesabiki, kwa hiyo akaisema mara ya nne.

Halafu mama akafungua droo, akachukua simu yake, akatoka. Wenzake wote wakatoka nyuma yake. Pale getini, kwa mara ya kwanza, hakuna aliyepekuliwa.

* * *

Nyumbani Chaji alisimulia amesimama, kwa mikono na miguu, na mjomba alijitupa kitandani kwa kicheko mpaka nyundo yake ikadondoka. "Kikang'oka mkononi! Rudia hapo, rudia!" Akarudia. Madam alivyovua miwani. Tai ilivyohamia begani. Kila akirudia, Bwana Kimya alizidi kuwa mdogo.

Mama alikuwa amevua viatu. Simu yake ilikuwa imelala imezimika kwenye waya wa jirani, inakula chaji. Alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu pale pa kutabasamu. Kisha akainuka, akavuta kigoda cha mjomba cha kushonea viatu, akakiweka katikati ya chumba. Akakipangusa.

"Nani alisema kompyuta haikosei?"

Chaji akashusha mikono.

"Panda."

Mjomba alianza kucheka, akaona uso wa dada yake, akaacha. Chaji alikitazama kile kigoda. Alimtazama mama, kama kuna utani sehemu yoyote ya uso ule, akautafuta na hakuupata. Akapanda. Kilikuwa kifupi, lakini ukiwa juu yake chumba chote kilionekana, na watu wote wawili waliokuwamo walikuwa wanamwangalia yeye.

"Nilikuita mwongo, mama," alisema, macho kwenye vidole vyake. "Na ulikuwa sahihi."

"Sikusikia," mama alisema. "Rudia."